Mkanda Uliokaa Juu ya Meko

Dada yangu, mwenye kibanda cha kanda za video pale Makambako,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la fundi, hapahapa Makambako, si mbali na pale kilipokuwa kibanda chako. Upepo ni uleule. Nimejifunga vitenge viwili na juu yake nimevaa koti la Mama, na bado natetemeka, wala si baridi peke yake inayonitetemesha. Ndani, nyuma ya pazia, fundi anaandaa deki ili aupitishe ule mkanda wa ubatizo wa binti yako Tumsifu. Mwenyewe yuko humo ndani pamoja naye. Waliniambia niingie, nikasema nangoja nje nipate hewa kidogo. Uongo mtupu. Naogopa, Dada.

Naogopa mkanda usije ukakatika. Na kwa kuwa wewe sijawahi kukuficha kitu, nikwambie na la pili: naogopa pia usipokatika.

Nilipofika hapa asubuhi macho yangu yalitafuta kibanda chako chenyewe, kana kwamba ningekukuta umesimama mlangoni na kitambaa chako kichwani. Siku hizi pale wanauza vipuri vya pikipiki. Nilisimama nikaangalia ule ukuta ulikokuwa umepanga kanda zako, za kuimba kushoto, za kupigana kulia, na zile za kulia machozi ukaziweka karibu na meza yako kwa sababu ndizo zilizokuwa zinakodishwa sana. Nilikuja kukaa na wewe nikiwa nimemaliza darasa la saba, sijui hili wala lile, na kazi yako ya kwanza kunipa ilikuwa kurudisha kanda nyuma. Watu walikuwa wanaangalia mpaka mwisho, wanaleta hivyohivyo. Ulikuwa unawasema mpaka nikaona haya kwa niaba yao. "Baba, utamu umeula wewe, kurudisha nikurudishie mimi?" Nao wanacheka, na kesho yake wanaleta hivyohivyo tena.

Wewe ndiye uliyenionesha mkanda una nini tumboni. Ulikuwa umekaa unakula viazi vya kuchemsha, ukafuta mikono vizuri kwenye khanga, ukabonyeza kitufe cha pembeni, kile kimfuniko cha mbele kikainuka. Ukaniambia niangalie, nisiguse. Ule utepe wa kahawia iliyoiva, unang'aa. "Hii plastiki si kitu," ukasema. "Picha ziko kwenye hii rangi. Ni unga wa chuma umegandishwa na gundi. Ile kamera inaupanga unga, na deki inakuja kuusoma ulivyopangwa." Nikakuuliza inausomaje. Ukaniambia ndani ya deki kuna kingoma kinazunguka kwa kasi, kimebeba hedi, kile kichwa kidogo kinachosoma, na utepe unavutwa kutoka kwenye kasha unazungushwa kwenye hicho kingoma, vinasuguana. Halafu ukaanza kucheka peke yako. Ukasema kumbe watu wa Ludewa wanasubiri miaka yote chuma cha Liganga kichimbwe, na sisi tunakikodisha hapa kila siku.

Mimi sikucheka. Nilibaki na lile neno, vinasuguana. Kama vinasuguana basi kila anayeangalia anaondoka na kidogo. Nilikwambia hivyo, ukanitazama, ukasema, "Ndiyo. Ndiyo maana zile za kulia machozi zina theluji." Ulikuwa unaita theluji zile chenga nyeupe zinazoanza kupita kwenye picha mkanda ukichoka. Toka siku ile nikawa nashika kanda zako kwa woga, na wewe ukawa unanitania kwa wateja kwamba mdogo wako anabeba kanda utadhani mayai ya kutamia.

Unakumbuka deki ilipotafuna mkanda wa yule mama wa hoteli? Nilipiga kelele. Utepe ulikuwa umetoka nje umejikunja, nikaona tumekwisha. Wewe ulizima, ukafungua kifuniko kwa bisibisi, ukaingiza vidole polepole huku unaimba, ukautoa kama mtu anayetoa uzi kwenye nywele za mtoto. Pale palipokuwa pamekunjamana sana ukapakata kwa mkasi, ukapaunga. Ukaniambia, "Umeona? Mkanda ukikatika unaungwa. Tatizo lako unaogopa kabla." Ni kweli, Dada, nilikuwa naogopa kabla, na mpaka leo ndivyo nilivyo. Wewe ulikuwa huogopi kabla wala baada, na mimi nilikuwa nakaa nyuma ya huo ujasiri wako kama kuku anavyokaa upande wa ukuta usio na upepo.

Halafu zikaja santuri za video, zile CD zinazong'aa. Yule mfanyabiashara wa Mbeya alikuletea moja kukushawishi, akaitoa kwenye karatasi, ukajitazama humo ukarekebisha kitambaa. Akakwambia humu hakuna kusuguana. Kuna mwanga mwembamba wa leza unatoka chini, unapiga kwenye utando wa fedha ulio ndani, unarudi. Kwenye huo utando kuna vialama vidogo visivyoonekana kwa macho, vimepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, na mwanga ukikutana na kialama unarudi tofauti na ukikosa. Basi. Mashine inahesabu huo mrudio wa mwanga na kutengeneza picha. Hakuna kurudisha nyuma, unaruka unapotaka. Hakuna kinachogusa kitu.

"Kwa hiyo haichakai?" ukamuuliza.

"Haichakai, mama."

Ulimshukuru vizuri, ukamnunulia na chai. Alipoondoka ukanigeukia. "Kila kitu kinachakaa. Hii haitakwambia tu." Ukanieleza kwamba mkanda ukianza kufa unakuonesha theluji, sauti inavuta, unajua wakati wa kufanya kopi umefika. Santuri itacheza safi mpaka siku itakayokataa, na ikikataa imekataa. Utaona vimraba vimeganda na mtu katikati ya neno. Ukasema hicho ndicho kinachokutisha, na ile ndiyo mara pekee niliyokusikia ukisema kuna kitu kinakutisha. Nilishangaa sana, kwa sababu nilijua umekuwa ukiumwa kwa miezi na hukuwa unatuambia kitu, ulikuwa unauza na kucheka kama kawaida. Sikuthubutu kukuuliza.

Ubatizo wa Tumsifu ulikuja kabla hujalala kitandani. Ulikodi mtu wa kamera kutoka Njombe mjini, mwenye lile likamera la kuweka begani, na kanisa zima lilikuwa linamwangalia yeye badala ya mchungaji. Baada ya ibada tulirudi nyumbani kwa Mama. Ukakaa kwenye kigoda pale uwanjani, mtoto mapajani, kofia yake nyeupe imemfunika macho, ukamwambia yule mtu asogee karibu. Ukaongea na mwanao. Uliongea muda mrefu, watu wakaanza kuuliza wali utaliwa lini. Kisha ukaimba. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako. Tulidhani ni madoido yako ya siku zote, kumbe ulikuwa unajua unachokifanya.

Ulipotutoka Tumsifu hakuwa anajua hata kufunga kamba za viatu. Alihamia mgongoni kwangu siku ileile. Mwanzo alikuwa ananiita Mama mdogo, kama ilivyo sawa. Sikumbuki ni lini lile "mdogo" lilidondoka. Sikulidondosha mimi, Dada, na wala sikuliokota. Nikawa Mama, na wewe ukawa Mama wa Makambako. Watu wakazoea kuniita Mama Tumsifu sokoni, nikawa naitika.

Niliupeleka mkanda kufanyiwa kopi kwenye santuri, maana ulikuwa umeshaniambia mkanda hausubiri. Niliiona picha yako siku hiyo mara moja tu, nikiwa nimesimama katikati ya wateja wengine wa duka lile, na nililia mpaka sikusikia vizuri unasema nini. Nilipoileta nyumbani Mama akavipokea vyote viwili, mkanda na santuri, akakataa mtoto kuoneshwa. "Akimwona mama yake anaongea, kesho atataka amjibu. Mtamwambia nini?" Tukakubaliana angoje mpaka kipaimara. Na kijijini wakati huo umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo hakuna aliyesukumana na mwenzake.

Kipaimara kilipofika, umeme nao ulikuwa umefika. Unajua sherehe za kwetu. Sahani ni za nyumba hii, masufuria ya nyumba ile, vikombe vya kwaya, na kila kimoja lazima kibandikwe plasta yenye jina la mwenye nacho ili jioni kirudi kwao. Mama ndiye alikuwa na kazi hiyo. Alikuwa amekaa jikoni na mkasi na kalamu ya wino mzito, anabandika kila kinachopita mbele yake. Deki ya santuri tulikuwa tumeazima kwa jirani. Mama akawaza mbali: hawa wakichukua deki yao jioni, wataondoka na mwanangu humo ndani. Akakata plasta, akaandika jina la nyumba yetu, akaibandika kwenye santuri. Aliibandika upande wa juu kwa heshima, ule ulioandikwa, ili asiharibu ule unaong'aa. Kila mtu angefanya hivyo. Sote tulikuwa tunajua kwamba picha ziko upande unaong'aa.

Santuri ikaingia. Deki ikaanza kuunguruma na kutikisika, kwa sababu plasta ilikuwa upande mmoja na kitu chenyewe kinazunguka kasi sana. Nyumba imejaa, watu wamekaa mpaka dirishani, wanasema ni hiyo plasta, itoeni. Tumsifu akaitoa mwenyewe. Alikuwa na gauni lake jeupe la kipaimara bado. Akaibandua kwa ukucha, taratibu, kwa adabu kabisa, na plasta ikaondoka na utando wa fedha. Ukaondoka wote, wa ukubwa uleule wa plasta. Akainua santuri kwenye mwanga wa dirisha, tukaona kupitia humo miti ya nje.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kwenye santuri za namna ile picha hazikai upande unaong'aa kabisa. Ile plastiki ya chini ni nene, inakwaruzwa na kusafishwa na inavumilia. Picha ziko juu, chini kidogo tu ya maandishi, na kilichozifunika ni rangi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kumbe tulikuwa tunalinda mgongo na kubandua uso. Lakini siku ile hakuna aliyejua. Deki ilijaribu kuisoma, ikanyamaza, ikaandika kwenye runinga kwamba hakuna santuri.

Tumsifu akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama, nimemfuta?"

Nilimwambia hapana, ni santuri tu. Nikamkumbatia. Kuanzia hapo hakutaja tena, na mimi nikajua kutotaja kwake maana yake nini, kwa sababu hivyohivyo ndivyo na wewe ulivyokuwa.

Sasa anaolewa, Dada. Kijana ni wa Makete, kwao ni Iwawa, mpole, anavumilia baridi kuliko sisi. Sendofu, sherehe ya kumuaga kwetu, iko karibu. Kamati walipomuuliza anataka nini kwenye sherehe, hakutaja keki wala mapambo. Alisema, "Ningependa mama yangu aseme neno." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikaanza kurekebisha kilemba, nikidhani ananisema mimi. Kisha akaendelea, "Mama yangu wa Makambako. Hata kama ni dakika moja. Ila najua haiwezekani, niliharibu mwenyewe." Akainuka akaenda nje.

Mama alikuwa amekaa kwenye kona yake jikoni, akasikia yote. Unajua ameshazeeka, kusimama ni mradi. Akasimama. Akashika ule mti wa kuangulia mahindi ya mbegu, yale yanayotundikwa juu ya meko yapate moshi yasiliwe na wadudu, akapekenyua katikati ya mahindi, kikadondoka kifurushi cha khanga iliyokuwa nyeusi kwa masizi. Mkanda wako. Sisi tulidhani ulishaharibika na kutupwa miaka mingi. Alikuwa ameuona unaota ukungu kabatini, maana unajua nyumba zetu zilivyo na unyevu, akauweka mahali ambapo kwa maisha yake yote hajaona kitu kikioza.

Nikamuuliza, "Mama, siku ile ya kipaimara mbona hukusema?"

"Niliogopa," akasema. "Mlikuwa mmeshaharibu ile santuri. Mkiharibu na huu mwanangu atakuwa amekufa kweli." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na ile plasta niliibandika mimi."

Basi leo tumekuja. Njia nzima kutoka Njombe Tumsifu alikuwa ameupakata. Fundi ni mtu mzima, alitusalimia "Kamwene", salamu ya kikwetu, akijua tu kwa vitenge vyetu tumetoka wapi. Akaufungua mkanda mezani, akaunusa kwanza. Kasha lilikuwa limejipinda kwa joto, akauhamishia utepe kwenye kasha jingine, akauzungusha kwa mkono, akapitisha pamba mahali fulani kidogo. Pamba ikarudi na kahawia. Nilikuwa najua ile kahawia ni nini kabla hajafungua mdomo.

"Gundi imechoka," akasema. "Unga umeanza kuachia. Hedi ikipita, itaokota mwingine, na ikiokota mwingi itaziba, na ikiziba inaweza kuukwarua utepe wote. Napitisha mara moja tu, huku naingiza kwenye kompyuta. Hakuna majaribio. Mkisema nianze, nimeanza." Akatuambia pia kwamba umeme ukikatika katikati, utepe utabaki umezungushiwa kwenye kingoma, na kuutoa ukiwa katika hali ile ni bahati. Kisha akanitazama mimi. "Mama, ruksa ni yako."

Tumsifu naye akanitazama. Dada, ningeweza kusema hapana. Ningesema tusubiri, tutafute fundi mkubwa Dar, na angenikubalia kwa sababu ananisikiliza. Mkanda ungerudi juu ya meko na wewe ungebaki salama, na mimi ningebaki nilivyo.

Maana nikikueleza hofu yangu ya pili ni hii. Nimemlea kwa mikono yangu. Nimekesha naye alipougua surua, nimemfundisha kupalilia viazi, nimempiga na kumbembeleza. Lakini sijawahi kushindana na wewe ukiwa unaongea. Picha yako ya ukutani haiongei. Leo atakuona unacheka, ataona ana meno yako, atasikia unamwita mwanangu. Siku ya sendofu watakuweka kwenye ukuta wa ukumbi, mkubwa kuliko watu wote, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mama mzazi nimevaa sare, na kila mtu atanigeukia kuona nimekaa kiti cha nani. Na yeye atageuka. Naogopa atakavyoniita baada ya hapo. Ni aibu kumwandikia marehemu hivyo, tena dada yangu, lakini ningemwandikia nani mwingine?

Nilisema, "Pitisha." Nikatoka nje.

Nimesikia sasa hivi. Ule mlio, unaujua, kasha linashuka, halafu kile kijimgurumo deki ikiuvuta utepe na kuuzungusha kwenye kingoma. Sijausikia tangu ulipofunga kibanda.

Kuna malori yanapita yakielekea Songea na kila likipita benchi linatikisika, na mimi nawaza deki nayo inatikisika. Namwangalia mama wa jirani anayeuza chai, ana redio, redio ikinyamaza nitajua umeme umekatika. Redio bado inaongea. Endelea kuongea, redio.

Sikusikii, Dada. Pazia ni jembamba na nipo karibu, ningekusikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa sauti yako kuliko kitu kingine chochote, nilikuwa nimeziba hata sikio la upande wa barabara. Hakuna. Ni mgurumo wa deki tu. Fundi hasemi kitu, Tumsifu hasemi kitu. Umekatika. Najua umekatika. Nilijua tangu ile pamba.

Nimelazimika kuacha kuandika, sasa nimerudi kumalizia haraka.

Haukukatika. Tumsifu alitoka akasimama mbele yangu, uso umelowa, nikainuka bila kujua nainukia nini. Nikamuuliza kama umekwisha. Akatikisa kichwa. Fundi akaja nyuma yake anafuta mikono, ndiye aliyenieleza. Picha imepita yote, mwanzo mpaka mwisho, ina theluji kidogo tu, na sasa iko kwenye kompyuta, itachezwa hata mara elfu bila kusuguliwa na kitu. Mkanda amesema tuupumzishe. Lakini kwenye mkanda, anasema, picha imeandikwa kimshazari katikati ya utepe, na sauti imeandikwa peke yake, kwenye mstari mwembamba pembeni kabisa. Joto na masizi ya miaka yote yale yaliingilia pembeni. Ukingo umejikunja na kuliwa wote. Picha ipo. Sauti haipo, na haitapatikana.

Dada, nilikaa chini. Sijui kama nilihuzunika au nilipumua, vyote vilikuja kwa pamoja, nikaogopa Tumsifu asivione usoni kwangu.

Akachuchumaa mbele yangu, akashika magoti yangu. "Anaongea, Mama. Anaongea muda mrefu, ananiangalia mimi, midomo inatembea, na sijui anasema nini. Kuna mtu amesimama pembeni yake amevaa blauzi ya njano. Ni wewe. Ulikuwepo. Njoo unisemee."

Nikamwambia ni zamani sana mwanangu, nimesahau.

"Sema unachokumbuka. Na siku ya sendofu utasimama palepale pembeni yake, na utanisemea mbele ya watu."

Amerudi ndani. Amevuta kiti cha pili akakiweka karibu na chake, nakiona kwenye upenyo wa pazia. Picha imesimamishwa pale ulipofungua mdomo.

Nakumbuka ulianza kwa kumweleza kwa nini umempa lile jina. Nakumbuka kulikuwa na jambo kuhusu kusoma, na jambo kuhusu kutonyamaza anapoumwa. Nakumbuka ulitaja jina langu mahali fulani, katikati, na wewe na yule wa kamera mkacheka. Mengine sina, Dada. Nilikuwa nimesimama pembeni yako na blauzi yangu ya njano, nafukuza kuku waliokuwa wanasogelea sinia la wali, na sikujua kwamba nilitakiwa kusikiliza. Hii sasa ndiyo hofu yangu ya leo, nayo ni kubwa kuliko zile mbili. Atanitazama mdomoni akiamini kila neno, na pale nitakaposahau nitalazimika kuweka langu kinywani mwako. Kama nitakosea, nisamehe huko uliko, na usiniumbue mbele ya mtoto.

Lala salama, dada yangu. Ananiita, naingia.

Mdogo wako,
Mama Tumsifu